Kimbunga Kikitajwa, Nyumba ya Kariakoo Iwe Tayari

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, Dar es Salaam ililala ikikisubiri Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imetoa taarifa moja baada ya nyingine, boti za Zanzibar zimesimamishwa, na simu zimejaa ramani za mzunguko mwekundu ukisogea kwenye pwani yetu. Kulipokucha, Kariakoo ilikuwa imesimama palepale. Kimbunga kilikuwa kimeelekea Mafia, kikapungua nguvu huko. Kabla siku haijaisha, wapo waliokuwa wakisema tumetishwa bure.

Hatukutishwa bure. Waulizeni watu wa Kilwa, ambao mvua za Hidaya ziliwakatia barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi, mabasi na malori yakakwama na mikoa ya kusini ikatengwa na sisi. Na hata hapa mjini, siku hiyohiyo ya tarehe 4 gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Siku nane baadaye, kwa sababu nyingine kabisa, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilikatika, na mawasiliano yakayumba Afrika Mashariki yote. Mwenye familia aliyekuwa na shilingi zake zote ndani ya simu, maji yake yote kwenye bomba na chakula chake chote kwenye friji alipaswa kujifunza jambo katika siku hizo, hata kama hakuna bati lililong'oka juu ya kichwa chake.

Ni kweli kwamba vimbunga haviji kwetu kila mwaka. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha kujenga kimbunga kikubwa. Vingi huzaliwa mbali zaidi kusini, kati ya Novemba na Aprili, vikaishia Madagaska na Msumbiji. Lakini pwani hii haina kinga. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha meli bandarini. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Aprili 2019 Kenneth alipiga Cabo Delgado, mlango wa pili kutoka Mtwara. Aprili 2021 Jobo alikuja kuelekea upande wetu akafifia kabla ya kutufikia na nguvu zake. Kisha Hidaya, mwezi Mei, wakati msimu wa vimbunga ulihesabiwa kuwa umeisha.

Ushauri wangu kwa familia inayoishi Kariakoo, Gerezani, Mchikichini, Ilala au Jangwani ni huu: msijiandae kwa upepo peke yake. Jiandaeni kwa maji, na kwa wiki zitakazofuata maji yakishaondoka. Maandalizi hayo hayapotei bure hata kimbunga kisipofika, kwa kuwa mafuriko ya kawaida ya masika na vuli yameua watu wengi zaidi mjini humu kuliko kimbunga chochote tunachokikumbuka. Desemba 2011 mvua ilipiga siku mfululizo, watu wa Jangwani na bonde la Msimbazi wakakaa juu ya mapaa wakisubiri helikopta na boti, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Tarehe 25 Aprili 2024, siku chache kabla ya Hidaya, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini. Ardhi ilikuwa imeshiba maji. Kama Hidaya angepinda kidogo tu kuja kaskazini na mvua yake yote, maji hayo yangekosa pa kwenda.

Kujiandaa kunaanza na kusikiliza vizuri. TMA hutumia ngazi tatu: angalizo, lenye rangi ya njano, tahadhari, yenye rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu. Wengi huanza kuhangaika ikifika nyekundu, na hapo kila mtu yuko dukani akigombea mishumaa. Angalizo likitoka, fanyeni kazi zote za mikono: kupandisha vitu juu, kujaza maji, kutoa fedha taslimu. Ikifika tahadhari kubwa, kazi iliyobaki iwe moja tu, kukaa mahali salama au kuondoka. Sauti za WhatsApp zinazoanza na "nimeambiwa na mtu wa serikalini" zipuuzeni, na msizisambaze. Redio ndogo ya betri inashinda simu janja siku minara ikizimika. Pia waulizeni wavuvi wa Feri hali ya bahari. Mvua kubwa ikikutana na maji ya bamvua, Msimbazi haupati njia ya kutoka pale daraja la Salenda, na maji yote yaliyoshuka kutoka milima ya Pugu hurudi nyuma na kutanda Jangwani.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana hapa ndipo ushauri unaotoka nchi nyingine unapotuacha njiani. Huko wanaambiwa wapige mbao madirishani na kupanda gari kuondoka mjini. Familia ya Kariakoo mara nyingi ina chumba kimoja au viwili ndani ya nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani kuna choo na bafu la wote. Au inakaa ghorofa ya nne juu ya maduka, na chini ya maduka hayo kuna stoo iliyochimbwa ardhini. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kuandaliwa na mtu mmoja. Ukipandisha godoro lako juu huku chemba ya uani imeziba, maji machafu yataingia chumbani kwako na kwa jirani kwa pamoja.

Kwa hiyo kikao cha wapangaji ndicho kifaa cha kwanza, na kifanyike mapema, mwanzoni mwa Februari kabla ya masika na mwanzoni mwa Septemba kabla ya vuli. Mwenye nyumba aitwe kwa heshima yake, na kama ni marehemu, aitwe mtoto anayekusanya kodi. Kikao kiulizwe mambo machache yenye majibu ya moja kwa moja. Nani ataizima swichi kuu ya umeme, na usiku asipokuwepo ni nani? Chemba imesafishwa lini, na mfuniko wake upo? Bibi wa chumba cha mwisho asiyeweza kutembea atabebwa na vijana gani? Nani ana ufunguo wa geti? Mkishakubaliana, mjumbe wa shina na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wapewe majina ya wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu waliomo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa. Nendeni mkaulize yenu ni ya akina nani na inakutana wapi.

Chemba nimeitaja mara mbili kwa makusudi. Katikati ya mji wetu maji mara nyingi hayaanzii juu ya paa, yanaanzia chini. Mvua ikizidi, mitaro iliyojaa chupa na maboksi inashindwa, mabomba ya majitaka yanajaa, na kinachopaswa kwenda baharini kinarudi kupitia choo na shimo la bafu. Nunueni viroba kadhaa na mchanga kidogo. Kiroba kilichojazwa mchanga nusu hukaa vizuri kuliko kilichojazwa pomoni, kwa sababu kinajilaza na kuziba mwanya. Viwili viwekwe mlangoni, na kimoja kifungwe ndani ya nailoni nzito na kuwekwa juu ya tundu la choo cha chini maji yakianza kurudi. Na nasema hili kwa uchungu: nyumba zinazosubiri mvua kubwa ili zitapishe vyoo vyao mtaroni zinawapelekea kipindupindu watoto wa jirani. Choo kikijaa, kinyonywe na gari wakati wa jua. Kikao cha wapangaji kichangie fedha hizo kama kinavyochangia umeme.

Umeme ndio muuaji asiyetoa sauti siku ya mafuriko. Katika vyumba vya kupanga, nyaya za kuungia hupita sakafuni chini ya kapeti kutoka soketi moja hadi friji, feni na televisheni. Angalizo likitoka, nyaya hizo zining'inizwe juu ya misumari, na Luku iongezwe uniti kabla mtandao haujasumbua. Maji yakigusa kizingiti cha mlango, swichi kuu izimwe. Kama maji yameshafika kwenye swichi au umesimama ndani ya maji, usiiguse. Tokeni nje, mkawaite Tanesco. Waya ulioanguka barabarani usisogelewe, hata kama taa za mtaa mzima zimezimika, kwa kuwa umeme unaweza kurudishwa wakati wowote.

Paa halinichukui muda mrefu. Bati lililolegea lipigiliwe misumari ya bati yenye kofia, mawe na matairi yaliyowekwa juu yaondolewe, kwani upepo mkali ukiyachukua yanageuka silaha. Mabango ya maduka na maturubai ya meza za machinga yashushwe. Upepo ukivuma, msijikinge chini ya mwarobaini mkubwa au jukwaa la mafundi la jengo linalojengwa, na Kariakoo haikosi majengo hayo.

Maji ya kunywa yapigiwe hesabu. Mtu mmoja anahitaji karibu lita tatu kwa siku za kunywa na kupikia kidogo. Familia ya watu watano kwa siku tano ni lita 75, yaani madumu manne ya lita 20. Hayo manne yaoshwe, yajazwe, yafungwe, yawekwe juu ya kabati na yasiguswe kwa kufulia. Maji ya kuoga na ya choo yakae kwenye ndoo na mapipa mengine, kadiri nafasi inavyoruhusu. Bomba likitoa maji baada ya mafuriko, msiyaamini mpaka DAWASA waseme. Chemsheni hadi yatokote vizuri, au tumieni vidonge vya WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Chakula kiwe kile mnachokula siku zote na kisichodai moto mrefu: unga wa uji, mchele, dagaa waliokaangwa, karanga, tende, samaki wa kopo. Mtungi mdogo wa gesi na mkaa viwe juu, pakavu. Na tafadhali sana, mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua, wala jenereta isiwashwe koridoni. Moshi wake una gesi isiyonusika, inayoua watu wakiwa usingizini. Kama uani hakupikiki, kuleni vya baridi usiku huo.

Nyaraka zina dawa yake rahisi, ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko wa kubana. Ioshwe, ikauke, mtie humo vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki na za bima ya afya, mkataba wa pango, leseni ya biashara, daftari la madeni na la kikoba. Ongezeni humo tochi, betri, filimbi, pedi, nepi kama kuna mtoto mchanga, na fedha taslimu za noti ndogo zinazotosha kuilisha familia siku nne au tano. Pigeni picha ya kila karatasi na kumtumia ndugu aliye mkoani. Dawa zina uzito zaidi ya karatasi zote hizo. Anayetumia dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu, kifafa au ARV asiingie masika na vidonge vya siku mbili. Amwambie daktari au muuguzi mapema kwamba anakaa bondeni, aombe akiba ya wiki kadhaa. Insulini inataka ubaridi. Friji ikizimika, chupa iliyofungwa vizuri ikae ndani ya kifuko kisichopitisha maji, kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu.

Kisha zungumzeni kuhusu Jangwani. Mvua kubwa zikija, Barabara ya Morogoro hufungwa pale, mabasi ya mwendokasi husimama, na mji unakatika vipande viwili. Baba yuko dukani Mtaa wa Congo, mama yuko Magomeni, watoto wako shuleni, mahali pengine. Hapo ndipo watu hufa, kwa upendo, wakijaribu kurudi kwa wanao. Maji yanayokwenda kasi yakifika kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake kuna chemba zisizo na mifuniko. Vijana wanaobeba watu mgongoni kwa malipo nao hawazioni. Kubalianeni leo kwamba barabara ikifungwa kila mmoja atalala upande alipo. Mpangieni kila mtoto nyumba ya shangazi, mwalimu au rafiki wa familia, na namba za simu ziandikwe kwenye karatasi ndani ya begi lake. Mzazi akijua mtoto amelala kwa nani, atatulia alipo.

Kwa wafanyabiashara wenye stoo za chini ya ardhi nina maneno ya kuwasihi. Mzigo wa msimu mzima, pengine wa mkopo, umekaa chini ya usawa wa barabara, na mvua ikianza moyo unakutuma ushuke ukaokoe maboksi. Usishuke, wala usimtume kijana wa dukani. Maji yakimwagikia ngazi huijaza stoo kwa dakika chache, mlango unaofungukia upande wa maji haufunguki tena kwa uzito wake, na taa za humo zina umeme. Kazi ya kuokoa mali hufanywa siku mbili kabla: vitambaa, vifaa vya umeme na vitabu vipandishwe ghorofani, kinachobaki kiwekwe juu ya chaga za mbao, orodha ya mzigo na risiti zipigwe picha. Waulize wenye bima yako, kwa maandishi, kama mafuriko yamo. Bima ya moto peke yake huenda isikulipe senti kwa maji.

Pia liangalieni jengo lenyewe. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakafa na wengine wakanaswa kwenye kifusi kwa siku kadhaa. Halikuangushwa na mvua, lakini limetuonyesha majengo haya yanaweza kuwa dhaifu kiasi gani, na maji yanayolala kwenye msingi au kwenye shimo lililochimbwa jirani huongeza udhaifu huo. Ufa mpya unaopanuka, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na ghafla unakwama, nguzo inayomeguka, milio ya kupasuka: ukiona mojawapo, watoeni watu nje kwanza, kisha pigeni 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Kelele za mwenye jengo zisikilizwe baadaye.

Maji yakishashuka, watu hupumua, nami naona hapo ndipo tunapopoteza wengi pasipo haja. Msirudi ndani usiku. Fundi aukague umeme kabla ya kuwashwa. Tope lisafishwe likiwa bado bichi, kwa viatu vya mpira na glavu. Kwanza sabuni na maji, halafu ndipo jiki iliyochanganywa na maji, kwa kuwa jiki haiui vijidudu vizuri juu ya uchafu. Jiki isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya choo, hutoa hewa inayochoma mapafu. Unga, mchele, mboga na dawa zilizoguswa na maji hayo vitupwe. Makopo yaliyofungwa na yasiyobonyea yaoshwe kwa sabuni na jiki. Najua maana ya kutupa gunia la mchele kwa mama ntilie au kwa mwenye duka la jumla. Hata hivyo gunia lililolowa likianikwa na kuuzwa kwa bei ya hasara, litapikwa kwenye nyumba ya mtu.

Kipindupindu huja haraka. Mtu akianza kuharisha maji mengi yanayofanana na ya mchele, aanze kunywa maji ya chumvichumvi papo hapo, na wakati huohuo apelekwe hospitali: Mnazi Mmoja, Amana au kituo kilicho karibu. Pakiti za ORS ziwepo ndani. Zisipokuwepo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa juu. Msizidishe chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Wiki ya pili na ya tatu huja homa. Dengi tumeiona Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyotuama katika makopo, matairi na vifuu. Chandarua cha usiku hakitoshi. Uani papekuliwe kila wiki na kila chombo kipinduliwe. Homa ikimpata mtu, apimwe malaria na dengi, asibahatishe dawa za dukani. Kabla ya majibu, paracetamol ndiyo salama. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuongeza kuvuja damu kwa mgonjwa wa dengi. Aliyetembea ndani ya maji machafu akiwa na kidonda, akapata homa na macho ya manjano, amwambie daktari kwamba aliingia kwenye mafuriko, maana mkojo wa panya huleta ugonjwa unaofanana na malaria.

Linabaki suala la kodi na matengenezo. Kabla ya kuosha kuta, pigeni picha alama ya maji ilipofikia ukutani, kila chumba, na vitu vilivyoharibika. Picha hizo pelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa ili familia yenu iandikwe kwenye orodha ya waathirika, kwa sababu msaada ukija hugawiwa kwa orodha. Kwa mwenye nyumba nendeni wapangaji wote pamoja, mkiwa na gharama za fundi mkononi: chemba, mfuniko, swichi kuu iliyopandishwa juu ya alama ya maji. Mkubaliane ni miezi mingapi ya kodi itaingia kwenye kazi hiyo, na makubaliano yaandikwe, yatiwe saini mbele ya mjumbe, kila chumba kibaki na nakala yake.